Anayetutangulia Njiani

Ikifika katikati ya wiki, matangazo huanza kupita kwenye simu za watu wa Chang'ombe. Jumamosi hii ni Morogoro: maporomoko ya Choma, kijiji cha Waluguru mlimani, bwawa la Mindu, nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha mchana, mwongoza watalii na mpigapicha. Wiki ijayo ni Bagamoyo na magofu ya Kaole. Mwisho wa mwezi ni Mbwamaji, kule Gezaulole, kuvuka daraja la Kigamboni. Watu hukutana alfajiri karibu na viwanja vya Sabasaba, na koasta haimsubiri aliyechelewa. Waendao ni wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, mafundi wa viwandani, wauguzi waliotoka zamu ya usiku, na akina mama wa vikoba waliochanga kidogo kidogo mpaka ikatimia.

Mimi ni mmoja wa wanaofurahia jambo hili kwa moyo wote. Kwa muda mrefu mno kutembea kwa ajili ya kuona kulihesabiwa kuwa ni mambo ya wazungu, na mtu wa Temeke alisafiri kwa msiba, kwa harusi au kwa biashara tu. Sasa tunakwenda kuitazama nchi yetu. Ninalotaka kulipima hapa ni kazi ya yule anayetutangulia, yaani mtu anayesimama mbele ya kundi na kusema njia ni hii. Kazi yake haikuwa ileile katika kila utamaduni uliowahi kuwapeleka watu kwenye maji, na aina tunayoichagua itaamua kama tumekwenda mahali au tumepita tu.

Nianze na Waingereza, kwa sababu ziara yetu ya siku moja, tukitaka tusitake, imechukua umbo lake kwao. Mwaka 1778 kasisi wa Kijesuiti, Thomas West, alichapisha kitabu cha kuwaongoza wasafiri katika maziwa ya kaskazini-magharibi mwa Uingereza. West hakuishia kusema ziwa Windermere linapendeza. Aliwaelekeza wasomaji wake mahali hasa pa kusimama na upande wa kugeukia, kituo baada ya kituo, ili kila ziwa lionekane katika sura yake bora. Wasafiri wa zama hizo walibeba kioo kidogo cheusi chenye mbinuko. Mtu alifika kwenye kituo, akayapa mandhari mgongo, akainua kioo, akalitazama ziwa likiwa limekusanywa ndani yake mithili ya picha iliyochorwa. Pale Rydal kulikuwa tayari na kijumba cha mawe cha karne ya 17, kimejengwa mahsusi ili maporomoko madogo ya mto yaonekane kupitia dirisha lake, yakiwa na fremu.

Aliyewahi kumwona kijana wa Dar es Salaam pale Choma akiyapa maporomoko mgongo na kuinua simu juu ya kichwa chake ameuona mkao huohuo. Sisemi hivi kwa kumdharau kijana wala kasisi. Katika mila hiyo kiongozi ni mwalimu wa macho, na macho kweli hufundishwa. Mtu aliyekulia kati ya kuta za viwanda anaweza kusimama mbele ya bonde zima asijue aanzie wapi kulitazama. Kumwonyesha kwamba ukungu ule wa asubuhi unapanda kwa sababu hii, na kwamba kijani kile cha mbali ni migomba na hiki cha karibu ni msitu, ni zawadi halisi.

Kisha akaja Thomas Cook. Tarehe 5 Julai 1841 aliwapakia watu wapatao 500 kwenye treni ya kutoka Leicester hadi Loughborough, kila mmoja kwa shilingi moja, kwenda kwenye mkutano wa kupinga ulevi. Safari ilikuwa fupi na bei ilijumuisha mambo yote, kwa hiyo msafiri hakuwa na haja ya kujua lolote wala kumjua yeyote kule aendako. Huo ndio msingi wa tangazo linalopita kwenye simu zetu. West alifundisha kutazama, Cook akaondoa usumbufu. Lakini hakuna kati yao aliyemtaka msafiri amsalimie mtu.

Sasa tuwaangalie wenyeji wa ardhi tunayoikalia. Kabla Chang'ombe haijawa viwanda, viwanja vya mpira na vyuo, hii ilikuwa sehemu ya Uzaramo, na Wazaramo walikuwa na safari yao ya kwenda kwenye milima ileile tunayoifuata leo kwa koasta. Waliiendea kwa ajili ya Kolelo. Kolelo ni nguvu iliyokaa katika pango la Uluguru, ikasimuliwa kuwa na umbo la nyoka mkubwa. Richard Burton, aliyepita bara mwaka 1857, alisimuliwa habari za pango hilo akaziandika katika kitabu chake cha 1860. Mmisionari Mjerumani Martin Klamroth, aliyefanya kazi Uzaramo mwanzoni mwa karne ya 20, alieleza kwa kirefu zaidi jinsi watu wa pwani walivyomwendea. Mvua ilipokataa, au mashamba yalipokosa kuzaa, wazee waliteua wajumbe. Wajumbe hao hawakuondoka mikono mitupu. Walipanda kwa miguu, siku baada ya siku, kutoka nchi tambarare hadi mlimani, na walipofika hawakuingia pangoni kwa kujiamulia. Palikuwa na walinzi wa mahali hapo, watu wa ukoo uliorithi kazi hiyo, na wao ndio waliopokea zawadi, wakauliza dhamira, wakawasemea wageni kwa mwenye pango, wakawarudishia jibu.

Tazama tofauti. Kiongozi hapa hafundishi macho. Pengine mjumbe hakuona kitu chochote, maana pango ni giza. Kazi ya kiongozi ilikuwa kusimama kati ya mgeni na mahali, amtambulishe huyu kwa huyu, na ahakikishe mgeni anarudi na neno la kuwapa waliomtuma. Na mjumbe mwenyewe hakusafiri kwa ajili yake. Nyuma yake kulikuwa na kijiji kizima kilichotazama mawingu, kikisubiri.

Mila hii haikubaki katika mambo ya mvua peke yake. Mwaka 1904 huko Ngarambe, karibu na mto Rufiji, ilisimuliwa kwamba Kinjikitile Ngwale alichukuliwa na mzimu akazama katika kidimbwi cha mto, akatoka siku ya pili nguo zake zikiwa kavu. Watu wakaanza kumwendea kwa makundi. Wazee waliohojiwa na wanahistoria katika miaka ya 1960 walikumbuka misafara iliyomiminika Ngarambe kutoka pande nyingi za kusini, ikipokelewa na wasaidizi wake na kupewa dawa ya maji. Wajerumani walimnyonga mnamo Agosti 1905, vita vya Majimaji vikiwa ndiyo kwanza vimeanza, lakini misafara ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake: watu ambao hawakuwahi kuwa na mtawala mmoja walikuwa wamekutana kwenye maji yaleyale. Huko Uzaramo nako jina la Kolelo likatajwa katika maneno ya kukataa kodi ya Mjerumani. Ndiyo sababu siwezi kukubali pale mwongoza watalii anapolitaja pango hilo kuwa ni imani tu za kale, kisha akawaharakisha watu warudi garini. Hapa Tanganyika, kwenda kwenye maji kwa kundi na kwa kuongozwa kuliwahi kuitikisa dola.

Mtu anaweza kuniambia kwamba mambo hayo yamekwisha, kwamba sisi wengine ni Waislamu na wengine Wakristo, na hatuwezi kupanda Uluguru kumwomba nyoka. Ni kweli. Sidai tufufue tambiko. Lakini adabu ya safari inaweza kuishi hata imani ikibadilika, na wapo walioweza kuihifadhi.

Huko Japani, katika milima ya Kumano, kuna maporomoko ya Nachi, yanayoanguka kwa mita 133 bila kukatika. Chini yake kuna hekalu dogo la ibada ambalo halina jumba la kuuhifadhi mwili wa mungu, kwa kuwa maporomoko yenyewe ndiyo mwili huo. Tangu zaidi ya miaka 900 iliyopita watu walitoka katika mji mkuu kwenda huko kwa miguu. Mfalme mstaafu Go-Shirakawa, katika karne ya 12, alikwenda zaidi ya mara 30. Hakuna aliyekwenda peke yake, hata mfalme. Mahujaji walitanguliwa na kiongozi, mara nyingi mtawa wa milimani, aliyewafundisha njiani namna ya kujitakasa, mito ya kuoga na maneno ya kusema. Kule Kumano walikabidhiwa kwa mwenyeji mwingine, aliyewalaza, akawaombea, akaandika majina yao. Uhusiano huo ulirithiwa: mjukuu wa hujaji alifikia kwa mjukuu wa mwenyeji.

Nikiiweka Nachi kando ya Kolelo, mfanano unanishangaza. Kote kuwili mahali pana mwenyewe, na kiongozi ni mpatanishi. Kote kuwili safari ndefu ya miguu ni sehemu ya jambo lenyewe. Tofauti iko katika yaliyofuata. Njia za Kumano zilitunzwa, zikaandikwa, na mwaka 2004 zikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia, na hata leo Mjapani anayekwenda kupiga picha tu hupiga makofi mawili na kuinamisha kichwa mbele ya maporomoko kabla hajaitoa kamera. Njia za Uzaramo kwenda Uluguru zilivunjwa na serikali iliyoziona kuwa ni uchochezi, zikadharauliwa na wamisionari, na baadaye na sisi wenyewe, wasomi wa Chang'ombe na kwingineko, tulioona haya kuzitaja. Kwa hiyo tulipoanza tena kupanda milima ile, hatukuwa na adabu ya kurithi. Tukaazima iliyokuwepo sokoni, ile ya kioo cheusi na ya tiketi ya shilingi moja.

Lakini si kila kitu kimepotea, na ushahidi wangu ni Kaole. Kijiji hicho cha kale, umbali mfupi kusini mwa mji wa Bagamoyo, kina magofu ya misikiti miwili, makaburi ya mawe ya matumbawe na kisima cha maji baridi. Neville Chittick alikichimba mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo kina kijumba cha makumbusho na waongoza watalii wanaojua kazi yao. Miongoni mwa makaburi hayo lipo la mwanamke anayeitwa Sharifa, na watu bado wanakuja kwake na nadhiri. Utakuta kundi la vijana wamevaa fulana za rangi moja wakigombea pa kusimama, na hatua chache kutoka hapo mama mmoja amevua viatu, ameketi, anasoma dua taratibu, mbele yake kuna ubani na sarafu.

Hao wote wamekuja kutalii? Mama huyo amekuja kuzuru, na kuzuru kuna sheria zake ambazo kila mtoto wa madrasa anazijua: unamsalimia aliyelala kwanza, hupandi juu ya kaburi, husemi kwa sauti ya juu, unamwombea kabla hujajiombea. Hakuhitaji mtu wa kumwonyesha pa kusimama ili aone vizuri. Amefunzwa jinsi ya kuwapo mahali. Na mwongoza watalii mzuri wa Kaole, nimewashuhudia, hulileta kundi mpaka karibu, akateremsha sauti, akangoja mama amalize. Kwa dakika hizo chache mila mbili zinakutana, na vijana wale, ambao dakika moja kabla walikuwa wakicheka, huvua kofia bila kuambiwa. Hawakuwa watu wasio na adabu. Walikuwa hawajaongozwa.

Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama, ambako shule zetu nyingi huwapeleka watoto, kina asili nyingine kabisa. Nyumba za makabila mbalimbali zilijengwa hapo katika miaka ya 1960, kwa wazo lililotangulia kule Skansen, Stockholm, mwaka 1891: kukusanya nyumba za nchi nzima katika uwanja mmoja kabla hazijatoweka. Ni wazo jema na watoto wanajifunza. Ila nyumba isiyo na mwenyewe haina wa kukukaribisha wala wa kukukatalia, na mtoto anaweza kuondoka akidhani vijiji vyote viko hivyo.

Narudi Morogoro, kwa kuwa hapo ndipo jambo hili limekuwa la haraka. Tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na safari iliyokuwa ikila nusu siku katika foleni za Kibaha na Chalinze sasa haimalizi saa mbili. Watu wanaweza kunywa chai Temeke na kuwa chini ya Uluguru kabla jua halijawa kali. William Wordsworth, mshairi wa maziwa ya Uingereza, ambaye naye aliandika kitabu cha kuwaongoza wasafiri, alikabiliwa na jambo hilihili mwaka 1844, reli ilipotaka kufika Windermere. Akaipinga kwa nguvu zote. Alihofia umati, na alishikilia kwamba uwezo wa kufurahia milima hukua polepole, hivyo wafanyakazi wa viwandani wakipelekwa kwa mkupuo hawatanufaika na chochote. Reli ilijengwa hata hivyo, ikafunguliwa mwaka 1847.

Wordsworth alikosea, na alikosea kwa sababu mila yake ilimpa kipimo kimoja tu. Ukiamini kwamba kwenda ziwani ni kazi ya macho yaliyosomeshwa, lazima utawaogopa wasiosoma. Mzaramo aliyepanda kwa Kolelo hakuwa amesoma mandhari popote. Alijua tu kwamba anakwenda kwa mtu, na kwamba maisha ya nyumbani kwake yanategemea kule. Umati si tatizo ukiwa unajua uhusiano wake na mahali. Ngarambe palikuwa na umati.

Na uhusiano wetu na Uluguru ni wa kila siku. Vijito vinavyoshuka upande wa mji wa Morogoro huingia mto Ngerengere, Ngerengere humwaga Ruvu, na Ruvu ndiyo inayonywesha sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Oktoba 2022, mvua zilipochelewa na Ruvu ikapungua, maji yaligawiwa kwa zamu mjini, na watu wa Temeke wakabeba madumu usiku. Wakati wa babu zetu ukame wa namna hiyo ungetuma wajumbe mlimani. Sisi tulipiga simu huduma kwa wateja. Nasema hivyo kwa uchungu wa kweli: nilisimama katika foleni ile ya madumu na sikumsikia mtu hata mmoja akiutaja mlima.

Mwongoza watalii anayelijua hili ana maneno ya kuwaambia watu wa Chang'ombe ambayo hayawezi kusemwa kwa mtalii wa Ulaya. Anaweza kuwaonyesha mteremko unaolimwa na kuwasimulia kwamba ardhi hii hupita katika ukoo wa mama; kwamba serikali ya Waingereza iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko, nao wakakataa mpaka zikazuka ghasia za mwaka 1955 na mpango ukaachwa; kwamba hata leo wakulima wa mlimani huambiwa wasilime karibu na vijito ili mji ulio mbali upate maji. Msikilizaji aliyetoka kwenye mgao atatambua kwamba yeye ndiye huo mji. Hapo kiingilio anacholipa hakitakuwa tena bei ya kuona maji yakianguka. Kitakuwa sehemu ya deni.

Utaratibu wa kuanzia upo. Utalii wa kitamaduni ulioanzishwa nchini katikati ya miaka ya 1990, kwa msaada wa shirika la Uholanzi la SNV, uliweka kanuni kwamba sehemu ya malipo ya mgeni iende kwenye maendeleo ya kijiji, na kwamba kiongozi awe mtu wa hapohapo. Vikundi vingi vinavyoondoka kwetu wikendi huiruka kanuni hiyo kwa kuleta kiongozi wao kutoka mjini, kijana hodari wa kuchekesha garini, asiyejua jina la mzee wa kitongoji anachokikanyaga. Nawaomba waandaaji wa Chang'ombe walibadilishe jambo hili moja kabla ya mengine yote: wampigie simu mwenyeji mapema, wamwachie atangulie yeye, na kundi likifika lipelekwe kwanza uani kwa wazee kusema shikamoo na kueleza limetoka wapi, ndipo lipande kwenye maji. Watasema muda hautoshi, kwa kuwa ratiba ina maporomoko, bwawa na kijiji vyote katika siku moja. Basi bwawa liachwe. Treni ya jioni ipo, na hakuna linalomlazimu mtu kuondoka kijijini saa nane mchana.